Friedrich Fülleborn

Friedrich Fülleborn (Kulm, 13 Septemba 1866 – Hamburg, 9 Septemba 1933) alikuwa daktari wa jeshi, mtaalamu wa vimelea na magonjwa ya nchi za joto, na mpiga picha wa ridhaa kutoka Ujerumani. Kuanzia mwaka 1896 hadi 1900 alitumika katika koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, na sehemu kubwa ya muda huo kituo chake kilikuwa Langenburg, kwenye pwani ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Nyasa. Picha alizopiga wakati huo ni miongoni mwa picha za zamani zaidi za nchi ambayo leo imegawanyika katika wilaya za Kyela, Rungwe, Makete na Ludewa.

Madaktari wanamkumbuka kwa uchunguzi wake wa minyoo, hasa njia wanayopita ndani ya mwili wa binadamu na wanyama. Wafugaji wa samaki wa mapambo duniani kote wanalitamka jina lake bila kumjua, kwa sababu ya samaki wa Ziwa Nyasa anayeitwa *Labeotropheus fuelleborni*. Kwa msomaji wa Ipinda, Matema au Ikombe umuhimu wake ni mwingine kabisa: aliacha sura za watu, nyumba na migomba ya nchi hiyo kama ilivyokuwa kabla ya bati, kabla ya kakao na kabla ya barabara.

## Asili na masomo

Fülleborn alizaliwa Kulm, mji mdogo kando ya mto Wisla. Wakati huo mji huo ulikuwa chini ya ufalme wa Prussia. Leo unaitwa Chełmno na uko nchini Poland. Alisoma udaktari pamoja na sayansi ya viumbe mjini Berlin. Mchanganyiko huo haukuwa wa ajabu katika karne ya 19, lakini kwake ulikuwa na matokeo makubwa, maana maisha yake yote hakuwahi kuwa daktari wa kutibu tu. Penye mgonjwa aliona pia mdudu aliyemletea ugonjwa, na penye ziwa alitaka kujua kila kinachoelea ndani yake.

Mwaka 1896, akiwa na umri wa miaka 30, alikuja Afrika ya Mashariki kama daktari wa jeshi la kikoloni. Madaktari wa jeshi hilo walikuwa wachache na vituo vilikuwa mbali mbali. Daktari aliwatibu maofisa, askari na wapagazi, alifuatana na misafara ya kijeshi, na kati ya msafara mmoja na mwingine alikuwa na siku nyingi za kukaa kituoni. Wengi walizimaliza kwa kuwinda. Wengine walikusanya wadudu, ndege, mimea na vyombo vya wenyeji kwa ajili ya makumbusho ya Berlin. Kukusanya huko hakukuwa burudani tu. Kwa agizo la serikali ya Ujerumani la mwaka 1889, makusanyo ya kisayansi yaliyofanywa na watumishi wake katika makoloni yalitakiwa kupelekwa kwanza Berlin, na kutoka huko ndipo yagawiwe makumbusho mengine.

Ilikuwa pia miaka ya vita. Mtwa Mkwawa wa Wahehe alikuwa bado anapigana na Wajerumani mpaka alipojiua Julai 1898, na nyanda zote za juu za kusini zilipitiwa na misafara yenye bunduki. Anayetazama picha za Fülleborn asisahau hilo. Aliyeshika kamera alikuwa mtu wa jeshi, na askari hawakuwa mbali.

## Nchi aliyoikuta

Ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa ni nchi ya tambarare iliyobanwa na milima. Upande wa mashariki Milima ya Livingstone inasimama kama ukuta, ikishuka moja kwa moja majini. Kaskazini uko mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 2,960, ambao ni volkeno iliyolala. Kati ya milima hiyo na ziwa, lililo kwenye mwinuko wa karibu mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, kuna bonde la udongo mzito linalonyweshwa na mito Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Ipinda iko katika tambarare hiyo, kwenye njia ya kwenda Matema. Mvua ni nyingi mno, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na katika miezi ya Machi hadi Mei mito hufurika hadi mashambani. Mwenyeji anaifurahia mvua hiyo kwa ajili ya mpunga. Mpiga picha wa zamani hakuwa na sababu ya kuifurahia.

Wazungu wachache walikuwa wamepita kabla yake. Frederic Elton alipita mwaka 1877 na Joseph Thomson mwaka 1879, na wote wawili walisifu migomba na nyumba safi za wenyeji. Mwaka 1891 walikuja wamisionari wa makundi mawili kwa karibu wakati mmoja: Wamoravian waliojenga Rungwe, na wa Misheni ya Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky. Mwaka 1894 Wamoravian walifungua pia Ipyana, katika tambarare ya Kyela. Serikali ya Kijerumani ilifika na msafara wa Hermann von Wissmann, ulioleta vipande vya meli ya mvuke kutoka Ulaya kupitia mito Zambezi na Shire. Meli hiyo, iliyopewa jina la Wissmann mwenyewe, iliunganishwa na kuanza kazi ziwani mwaka 1893. Ndiyo meli ile ile iliyoshambuliwa na Waingereza huko Liuli Agosti 1914, katika moja ya matukio ya kwanza kabisa ya Vita Kuu ya Kwanza upande huu wa Afrika.

Wajerumani waliwaita Wanyakyusa kwa jina la Konde, na jina hilo ndilo linalotumika katika maandishi yote ya Fülleborn. Msomaji wa leo anapokuta Konde katika vitabu vya Kijerumani asidhani ni Wamakonde wa Mtwara. Jina hilo linatokana na Ngonde, jina linalotumiwa na watu wa tambarare na wenzao wa ng'ambo ya mto Songwe, katika Malawi ya leo.

## Langenburg

Kituo cha Langenburg kilijengwa Lumbila, katika nchi ya Wakisi, chini kabisa ya Milima ya Livingstone. Leo mahali hapo ni katika wilaya ya Ludewa. Palichaguliwa kwa sababu ya meli, si kwa sababu ya watu: maji ya kina yalikuwa karibu na nchi kavu, lakini ardhi tambarare ilikuwa kidogo, joto lilikuwa kali na homa zilikuwa nyingi. Ikumbukwe kwamba Ronald Ross alithibitisha uhusiano wa mbu na malaria nchini India mwaka 1897 tu, Fülleborn akiwa tayari Afrika. Daktari wa Langenburg aliwapa wagonjwa kwinini akijua kwamba inasaidia, lakini miaka hiyo ndiyo kwanza dunia ilikuwa inajifunza ugonjwa wenyewe unatoka wapi.

Mwanzoni mwa karne ya 20 makao ya wilaya yalihamishiwa milimani. Mji mpya ukaitwa Langenburg Mpya, ambao ni Tukuyu ya leo, na kituo cha ziwani kikabaki kikiitwa Langenburg ya Zamani. Kwa hiyo katika kusoma maelezo ya picha za Fülleborn ni lazima kuangalia mwaka: Langenburg yake ni ya ziwani, si Tukuyu.

Kutoka Lumbila alisafiri kwa meli, kwa mtumbwi na kwa miguu. Alizunguka nchi ya Wakisi na Wanyakyusa, alipanda Ukinga, alifika Rungwe, milima ya Poroto na ziwa la kasoko la Ngosi. Miaka ya mwisho ya utumishi wake, 1899 na 1900, uchunguzi wake wa Ziwa Nyasa na milima ya Ukinga uligharimiwa na mfuko wa Wentzel-Heckmann wa Berlin. Mfuko huo ulimtuma pia mtaalamu wa mimea Walter Goetze, kijana aliyekusanya mimea mingi ya nyanda za juu za kusini na kufariki Langenburg mwaka 1899. Mimea kadhaa ya Tanzania ina jina lake.

## Upigaji picha

Fülleborn hakusomea upigaji picha wala hakuufanya kwa ajili ya kuuza. Katika hilo anatofautiana na watu kama Walther Dobbertin, ambaye miaka michache baadaye aliishi kwa kazi ya kamera katika koloni hilo hilo. Yeye alikuwa mtu wa ridhaa, aliyebeba kamera kwa sababu alitaka kuonyesha alichokiona, na kwa sababu wanasayansi wa Berlin hawakuridhika tena na maelezo ya maneno.

Kupiga picha katika miaka ya 1890 ilikuwa kazi ya watu wengi, hata kama jina linalobaki ni moja. Kamera ya safari ilikuwa sanduku la mbao lenye kiriba kinachokunjuka, miguu mitatu ya kusimamishia na kitambaa cheusi cha kufunika kichwa. Filamu za kukunjwa zilikuwapo, lakini waliotaka picha safi za kuchapishwa vitabuni walitumia mabamba ya kioo yaliyopakwa dawa. Kila picha ilihitaji bamba lake. Mabamba mia moja yalikuwa mzigo wa kweli, na mzigo huo ulipanda Milima ya Livingstone juu ya vichwa vya wapagazi, kwenye vijia ambavyo hata leo mtu asiye na mzigo anavipanda akihema. Mpagazi akiteleza, safari nzima ya picha ilivunjika.

Baada ya kupiga, kazi ilikuwa bado nusu. Bamba lilisafishwa katika giza, kwa dawa zilizopimwa na maji safi. Joto la pwani ya ziwa lililainisha utando wa dawa mpaka ukaweza kuteleza kwenye kioo, unyevu uliotesha ukungu, na wadudu walipenda kuula kwa sababu ulitengenezwa kwa gelatini, inayotokana na mifupa na ngozi za wanyama. Wasafiri wengi wa wakati huo walisafisha usiku, ndani ya hema, maji yakiwa yamepoa kidogo.

Mwanga nao ulikuwa na masharti yake. Juani, kando ya ziwa, bamba la wakati huo lilinasa picha kwa sehemu ya sekunde. Chini ya migomba ya Wanyakyusa, ambako jua hupenya kwa vidoa vidoa, ilibidi kufungua lenzi kwa muda mrefu zaidi, na aliyepigwa asitikisike. Hapo ndipo panapoelezeka kwa nini watu katika picha nyingi za zamani wanaonekana wakavu, mikono imeshuka, macho yametulia. Wengine husema watu hao walikuwa na hofu. Huenda walikuwa nayo. Lakini mara nyingi walikuwa wameambiwa tu wasimame bila kujitingisha, na mtu yeyote aliyewahi kupigwa picha ya pasipoti anaijua sura hiyo.

Picha za nchi zilikuwa na shida nyingine. Milima ya Livingstone huonekana vizuri baada ya mvua, hewa inapokuwa imesafishwa. Kuelekea Septemba na Oktoba moshi wa kuchoma mashamba hufunika kila kitu, na upande wa pili wa ziwa hupotea kabisa. Upepo wa mwera, unaovuma kutoka kusini-mashariki katika miezi ya kiangazi, huinua mawimbi yanayomzuia mtu kutumia kamera ndani ya mtumbwi.

Mada zake zilikuwa pana kuliko za wapiga picha wengi wa koloni. Alipiga milima, kasoko na maporomoko, lakini pia nyumba, zana, mitumbwi, mapambo ya mwili na kazi za mikono. Nyumba za Wanyakyusa zilimvutia kama zilivyowavutia wote waliomtangulia: zilijengwa kwa mianzi iliyopangwa kwa ustadi na kukandikwa udongo, zikisimama katika vijiji vilivyofagiwa chini ya migomba. Vijiji hivyo havikupangwa kwa ukoo bali kwa rika, vijana wakijenga pamoja mbali na baba zao. Utaratibu huo ulikuja kuelezwa kwa undani na Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti huko katika miaka ya 1930. Nyumba za namna hiyo zimetoweka karibu zote, kwa hiyo picha za miaka ya 1890 zimekuwa ushahidi wa ufundi ambao wajukuu hawakuurithi.

Kwa Wakisi mambo ni tofauti kidogo. Wanawake wa Kikisi wangali wanafinyanga vyungu kwa mikono, bila gurudumu la mfinyanzi, na vyungu vyao hufika kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo karibu na Matema, kisha husambaa Mbeya na mbali zaidi. Anayelinganisha maelezo ya ufinyanzi huo katika kazi ya Fülleborn na kazi inayofanyika Ikombe leo ataona mkono ni ule ule. Ni moja ya mambo machache katika kitabu chake ambayo mtu anaweza bado kwenda kuyaona kwa macho, siku ya soko.

## Makusanyo ya viumbe

Sambamba na picha, Fülleborn alikusanya viumbe kwa wingi. Ndege wake walipelekwa kwa Anton Reichenow wa Makumbusho ya Berlin, ambaye mwaka 1899 na 1900 alivipa vipya kadhaa jina la mkusanyaji. Miongoni mwao ni tiva mweusi wa misitu ya milimani (*Laniarius fuelleborni*), chozi mwenye mikanda miwili kifuani (*Cinnyris fuelleborni*), na ndege wa mbuga za juu mwenye koo la njano na kucha ndefu ya nyuma (*Macronyx fuelleborni*). Gustav Tornier alifanya vivyo hivyo mwaka 1900 kwa kinyonga mwenye pembe tatu wa milima ya Poroto, *Trioceros fuelleborni*. Kinyonga huyo haishi popote duniani isipokuwa nyanda hizo za kusini-magharibi ya Tanzania, na uhai wake unategemea mabaki ya misitu yaliyozungukwa na mashamba ya viazi.

Samaki walingoja zaidi. Ernst Ahl alieleza *Labeotropheus fuelleborni* mwaka 1926 tu, zaidi ya miaka 25 baada ya kukusanywa. Ni samaki wa miambani, mwenye pua iliyoning'inia juu ya mdomo, anayekwangua mwani kwenye mawe. Leo huzalishwa katika matangi ya vioo huko Ulaya, Asia na Marekani.

Kazi iliyokuwa na subira zaidi ilikuwa ya vitu visivyoonekana kwa macho. Fülleborn alichota maji ya ziwa, ya mito na ya mabwawa ya tambarare, akachuja viumbe vidogo vinavyoelea. Wilhelm Schmidle alichapisha maelezo ya mwani wake mwaka 1902, na kuanzia 1903 Otto Müller akachapisha mfululizo mrefu juu ya diatomu, yaani mwani wenye gamba la silika. Kwa wanaochunguza Ziwa Nyasa sasa, sampuli hizo zina thamani isiyoweza kununuliwa: zinaonyesha maji yalikuwa na nini kabla ya mbolea za viwandani na kabla ya misitu ya vilimani kukatwa.

## Vipimo vya watu

Mwaka 1902 Fülleborn alichapisha kitabu juu ya maumbile ya miili ya watu wa nchi za kaskazini mwa Nyasa. Ndani yake kuna vipimo vya vichwa, nyuso na viungo, pamoja na picha za watu waliosimamishwa mbele ya kamera na kupigwa kutoka mbele na kutoka ubavuni, kama wafanyavyo polisi kwa wafungwa. Hii ndiyo sehemu ya kazi yake isiyoweza kutetewa kwa kusema tu kwamba ndiyo ilikuwa desturi ya wakati huo, ingawa kweli ilikuwa desturi. Elimu hiyo ilidai kwamba watu wanaweza kugawanywa katika aina kwa kupimwa fuvu, na kwamba kutoka hapo ingejulikana nani yuko juu na nani yuko chini. Sayansi yenyewe imeikataa.

Tatizo lilikuwa pia katika njia. Daktari wa jeshi hakuomba ruhusa kama raia anavyomwomba raia. Waliopatikana kirahisi zaidi kupimwa katika vituo vya koloni walikuwa wale ambao hawakuwa na uwezo wa kukataa: askari, wapagazi, wafungwa, wagonjwa. Wakati huo huo madaktari na maofisa wa koloni walikuwa wakipeleka mafuvu ya Waafrika Berlin kwa ajili ya makusanyo yaliyosimamiwa na Felix von Luschan. Fuvu la Mkwawa, lililorudishwa Kalenga mwaka 1954, ndilo linalojulikana zaidi, lakini mengine mengi hayakurudi. Mjadala wa kuyarudisha mabaki hayo kutoka Ujerumani umeendelea katika karne hii, na ziara ya Rais Frank-Walter Steinmeier mjini Songea Novemba 2023, alipoomba msamaha kwa ukatili wa Vita vya Majimaji, iliuongezea uzito.

Kuna kasoro ya pili, ndogo kwa sauti lakini yenye maumivu kwa wazao. Picha za namna hiyo ziliandikwa kabila, si mtu. Aliyesimama mbele ya lenzi akawa mfano wa Konde, wa Kinga au wa Kisi, kana kwamba hakuwa na baba wala shina la migomba alikozikiwa babu yake. Maofisa wa Kizungu katika vitabu vya wakati huo wana majina na vyeo. Mkinga aliyebeba mabamba ya kioo mlimani hana.

## Kitabu cha mwaka 1906

Kazi yake kubwa juu ya eneo hili ilitoka Berlin mwaka 1906 kwa mchapishaji Dietrich Reimer, ikiwa sehemu ya mfululizo ulioitwa *Deutsch-Ost-Afrika*. Jina lake ni *Das Deutsche Njassa- und Ruwuma-Gebiet, Land und Leute*, yaani eneo la Kijerumani la Nyasa na Ruvuma, nchi na watu wake. Ni kitabu kinene, na kimefuatana na atlasi ya mabamba ya picha na ramani. Kinaeleza nchi kuanzia Ruvuma hadi Rungwe na kugusa pia nchi za mto Shire; kinashughulikia Wayao, Wangoni, Wakinga, Wasafwa, Wakisi, Wanyakyusa na wengineo.

Mwaka wa kuchapishwa kwake una jambo la kuhuzunisha. Vita vya Majimaji vilikuwa vinaendelea tangu 1905. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni mjini Songea, na baada ya hapo jeshi lilichoma ghala na mashamba mpaka njaa ikamaliza vijiji. Kwa hiyo sehemu za kitabu zinazoeleza Ungoni na nchi za jirani zilikuwa zinaeleza maisha yaliyokuwa yakiteketezwa, tena na serikali ile ile aliyoitumikia mwandishi. Wanyakyusa hawakuingia katika vita hivyo, na tambarare ya Kyela ilipona moto huo.

Kama chanzo cha historia kitabu hiki kinafaa kusomwa kwa macho mawili. Pale Fülleborn anapoeleza kitu alichokishika mkononi, kama chungu, ngao, mtumbwi au paa la nyumba, ni mwangalifu na wa kuaminika, kwa sababu alikuwa na macho ya mtu wa maabara. Pale anapoeleza imani, ndoa au mamlaka ya machifu anategemea wakalimani na wamisionari, na mara nyingi mtazamo wa mtawala unatangulia. Picha zake zina ubora ule ule na udhaifu ule ule: nyumba inaonekana kila uzi, mwenye nyumba haonekani ni nani. Kitabu hakijatafsiriwa kwa Kiswahili, na hilo ni pengo, kwa kuwa wanaohitaji kukisoma kwanza ni watu ambao nchi yao imo ndani yake.

## Safari ya Pasifiki

Baada ya kurudi Ujerumani, Fülleborn alijiunga na Taasisi ya Magonjwa ya Meli na ya Nchi za Joto ya Hamburg, iliyoanzishwa mwaka 1900 na Bernhard Nocht. Mwaka 1908 aliteuliwa kuongoza mwaka wa kwanza wa msafara wa Hamburg katika Bahari ya Kusini, uliopangwa na Georg Thilenius wa makumbusho ya mji huo. Kwa meli iliyoitwa *Peiho* wasafiri walizunguka visiwa vya Bismarck na Guinea Mpya, na mwaka 1909 wakapanda mto Sepik. Mwaka wa pili uliongozwa na Augustin Krämer huko Mikronesia. Msafara ulirudi na maelfu ya vitu na picha nyingi, na maswali yanayoulizwa leo kuhusu namna vitu hivyo vilivyopatikana yanafanana na yale yanayoulizwa kuhusu Afrika.

## Kazi ya Hamburg na kifo

Sehemu ndefu zaidi ya maisha yake aliimalizia maabarani. Arthur Looss alikuwa ameonyesha huko Misri kwamba mabuu ya minyoo ya safura hupenya ngozi ya mtu anayekanyaga udongo wenye unyevu. Fülleborn alilifuata jambo hilo kwa majaribio mengi juu ya mbwa, akaonyesha jinsi mabuu ya safura na ya *Strongyloides* yanavyosafiri kwa damu hadi mapafuni, yakapanda koo na kumezwa, ndipo yakafika utumbo. Mwaka 1921 alitoa pia wazo kwamba mabuu ya michango ya wanyama yanaweza kukwama ndani ya nyama za mwili wa binadamu na kumletea madhara, wazo lililothibitishwa na wengine miongo mitatu baadaye. Katika nchi ya mpunga kama Kyela, ambako watu hufanya kazi peku matopeni, utafiti huo una maana ya moja kwa moja, pengine kuliko picha zote.

Mwaka 1930 Nocht alistaafu na Fülleborn akawa mkurugenzi wa taasisi. Alifariki Hamburg Septemba 1933, siku chache kabla ya kutimiza miaka 67, akiwa bado katika cheo hicho. Nafasi yake ilichukuliwa na Peter Mühlens.